Jengo Limekwisha, Faida Iko Wapi?

Hotuba kwa wenyeviti wa vijiji, watendaji na kamati za miradi. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Waheshimiwa madiwani, ndugu wenyeviti wa vijiji, watendaji wa kata na vijiji, wajumbe wa kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi, mafundi wetu, akina mama na akina baba: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe. Itifaki imezingatiwa, naomba tuingie kazini.

Mikono juu tafadhali. Nani kijijini kwake hakuna boma hata moja, yaani jengo lililoishia njiani? Boma la zahanati, la nyumba ya mwalimu, la maabara. Limefika lenta, ndani mbuzi wanalala. Naona mikono miwili. Hongereni sana.

Sasa swali la pili, na hili ni gumu zaidi. Nani ana jengo lililokwisha kabisa, limepigwa rangi, limekatwa utepe, na halina kazi? Boma linatuudhi kila tunapopita, kwa hiyo iko siku tutalimalizia. Jengo lililokwisha bila kazi halimuudhi mtu, kwa sababu kwenye taarifa ya robo mwaka limeandikwa asilimia 100. Asilimia 100 ya nini? Ya matofali. Hakuna aliyeuliza asilimia ngapi ya faida.

Ndiyo maana leo nitawasumbua kwa swali moja, na nitalirudia mpaka mlichoke: nani atafaidika, kwa kiasi gani, kuanzia lini? Kama kamati haiwezi kulijibu kabla ya msingi kuchimbwa, huo bado si mradi. Ni ujenzi tu.

Tusogee kwa majirani zetu Kenya, ufukweni mwa Ziwa Turkana, mahali panapoitwa Kalokol. Serikali ya Norway ilijenga pale kiwanda cha kugandisha samaki, kikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nia ilikuwa njema: Waturkana ni wafugaji, ukame unaua mifugo yao, basi wapewe samaki na soko. Kiwanda kikajengwa, kikajengwa vizuri. Kikagandisha samaki kwa muda mfupi sana, kikanyamaza. Kwa nini? Kugandisha kitu kwenye joto la Turkana kunakula umeme mwingi, na kunataka maji mengi safi katika nchi iliyo jangwa. Gharama ya kumgandisha samaki ilikuwa kubwa kuliko bei ya samaki mwenyewe. Na ziwa nalo likarudi nyuma, kwa ukame. Jengo likaishia kuwa ghala la samaki waliokaushwa kwa jua, kazi ambayo haikuhitaji mashine hata moja.

Nani atafaidika? Walidhani mfugaji. Kwa kiasi gani? Hesabu ya bei ya samaki ukitoa bei ya umeme ingejaa kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Ukurasa huo ungeokoa kiwanda kizima.

Sasa tuje kwetu. Mnaomba mradi wa maji. Kwenye andiko mnaandika nini? "Kuboresha huduma ya maji kwa wananchi." Ndugu zangu, sentensi hiyo haipimiki. Andikeni hivi: leo mama wa kitongoji fulani anatumia dakika 90 kwenda mtoni na kurudi na ndoo moja, mradi ukikamilika atatumia dakika 30, foleni ikiwemo. Leo zahanati yetu inaandika wagonjwa wa kuhara kadhaa kwa mwezi kwenye kitabu cha MTUHA, yaani kitabu cha takwimu za afya. Baada ya mwaka mmoja wapungue kufikia idadi hii. Kisha chukueni saa na mtu mmoja mwaminifu, mkapime hizo dakika 90 kweli, kwenye kaya 20, kabla fundi hajafika. Msipopima kabla, hamtakuwa na cha kulinganisha baadaye. Na kila faida iwe na jina la mtu pembeni yake, mtu atakayesimama kwenye mkutano wa kijiji mwaka mzima baada ya uzinduzi na kusema imepatikana au haijapatikana. Mkandarasi hafai kazi hiyo, atakuwa ameshaondoka. Mwekeni mwenyekiti wa chombo cha watumiaji maji, au mganga mfawidhi, au mwalimu mkuu.

Jambo la pili. Ardhi, maji na watu vipimwe kwanza, fedha ndiyo ifuate.

Hapa mfano tunao nyumbani, Kongwa, Dodoma. Mwaka 1947, baada ya vita kuu, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Ikaamua kulima karanga Tanganyika, Kongwa, Nachingwea na Urambo, kwa mpango wa mamilioni ya ekari. Wakaguzi walizunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa wakitazama kutoka kwenye ndege. Ukiwa juu angani, pori la Kongwa linaonekana tambarare na jepesi. Ukishuka chini unakutana na vichaka vilivyosukana mizizi, na mibuyu iliyoishi miaka mingi kuliko serikali iliyotaka kuing'oa. Matrekta yalikuwa mabaki ya vita, yamechoka tayari. Vipuri havikutosha, karakana haikuwa tayari, madereva walikuwa wanajifunzia kazini. Mwaka wa kwanza walipanga kulima ekari 150,000. Wakapanda kama 7,500.

Na hizo zilizopandwa? Udongo wa Kongwa una mfinyanzi. Mvua ikikatika unakauka kama tofali, karanga inakwama chini na jembe la kuing'olea linavunjika. Na mvua ya Kongwa mnaijua, ikipenda inakuja, isipopenda haiji. Hayo yote Wagogo wa pale waliyajua tangu enzi. Swali la mvua angejibu mzee yeyote mwenye ng'ombe. Januari 1951 mradi ukafutwa, na walipa kodi wa Uingereza wakapoteza takriban pauni milioni 36 za wakati ule. Leo kwenye sehemu ya ardhi ile kuna nini? Kuna ranchi. Ng'ombe! Yaani ardhi ilirudi kwenye kazi ileile ambayo wenyeji walikuwa wakiifanya nayo.

Kosa la Kongwa halikuwa ndoto kubwa. Walianza na ukubwa wote kwa mara moja, bila shamba la majaribio la misimu miwili. Na lengo lilipokosekana kwa mbali, walibaki wanaongeza matrekta, hakuna aliyeuliza upya kama karanga inafaa pale.

Sasa mtasema, sisi hatulimi mamilioni ya ekari, sisi tuna kisima kimoja. Sawa. Tupige hesabu ya kisima kimoja, na mwenye simu afungue kikokotoo tuende pamoja.

Kijiji kina watu 2,800. Sera yetu ya maji ya mwaka 2002 ilitaka kila mtu apate lita 25 kwa siku, kituo kisizidi mita 400 kutoka nyumbani, na kila kituo kihudumie watu 250. Lita 25 mara watu 2,800 ni lita 70,000 kwa siku. Watu 2,800 gawanya kwa 250, unahitaji vituo 12 vya kuchotea. Bado tuko pamoja?

Kisima kimechimbwa, kimepimwa kwa kupampu mfululizo saa 24, kimetoa lita 12,000 kwa saa. Makofi, watu wanacheza ngoma. Taratibu! Kipimo hicho ni uwezo wake wa juu. Ukikinyonya chote kila siku, maji yanashuka chini ya pampu, pampu inavuta hewa na mchanga, inaungua. Kwa usalama chukua kama theluthi mbili, lita 8,000 kwa saa. Mmeamua kutumia sola? Jua zuri la kazi ni kama saa 6. Saa 6 mara lita 8,000 ni lita 48,000. Mnahitaji 70,000. Upungufu ni lita 22,000 kila siku, na jiwe la msingi bado halijawekwa!

Kwenye karatasi tatizo hili linatibika kwa urahisi. Mnaweza kuongeza chanzo kingine cha umeme ili pampu ifanye kazi saa 9, mkapata lita 72,000. Mnaweza kuomba kisima cha pili. Au mnakubaliana wazi kwamba kitongoji kimoja kitasubiri awamu ya pili, na wenyewe wakiwepo kwenye kikao. Mkiligundua baada ya uzinduzi, litatibiwa kwa ugomvi: vituo vya bondeni vinapata, vya mlimani vinapiga miluzi ya hewa, na wa mlimani wanaacha kulipa.

Tena hiyo ni hesabu ya leo. Sensa ya 2022 imetuambia nchi hii inaongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka. Kwa mwendo huo kijiji cha watu 2,800 kinakuwa na watu zaidi ya 5,000 ndani ya miaka 20. Kwa hiyo bomba kuu lipimwe kwa ajili ya wale 5,000, hata kama tangi la leo ni dogo. Tangi unaweza kuongeza la pili pembeni. Bomba lililofukiwa kilomita 4 hulichimbui tena.

Tatu, muda na vifaa. Hapa ndipo fedha inapovuja, na nitakaa kidogo.

Mnakumbuka mwishoni mwa 2021. Serikali ilipata shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya mapambano dhidi ya UVIKO-19, na sehemu yake ikawa madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, zile ndogo zilizo chini ya shule mama, yakamilike kabla wanafunzi hawajafungua Januari. Shilingi milioni 20 kwa darasa la sekondari, kwa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi, kamati inanunua vifaa na kutafuta mafundi yenyewe. Nchi nzima ikaenda dukani wiki moja. Saruji, mabati, mbao, mafundi, wote wanatafuta kitu kilekile. Bei zikapanda. Kamati zilizoanza kwa kuagiza kila kitu siku fedha ilipoingia zilinunua kwa bei ya foleni. Ambako mchanga, mawe na kokoto vilishakusanywa kwa nguvu za wananchi, angalau sehemu hiyo ya bajeti ilikuwa imetulia.

Tunajifunza nini? Kabla ya kuuliza tuanze lini, tuulize kipi kinachukua muda mrefu kuliko vyote, na hicho ndicho kiagizwe siku ya kwanza. Kwenye darasa, tofali huwa halichelewi. Vinavyochelewa ni mbao za kupaulia, fremu za milango na madirisha, na madawati. Mbao mbichi ukizipiga juu zinakauka zikiwa kwenye paa, zinajipinda, bati linaachia misumari, mvua ya kwanza inaingia. Kwa hiyo mbao zilizokauka na kutiwa dawa ziagizwe siku mnayochimba msingi. Fundi wa madawati aanze siku hiyohiyo. Darasa bila dawati, nani atafaidika? Mtoto anakaa kwenye sakafu mpya badala ya sakafu ya zamani.

Zege nalo lina kalenda yake, na halijui mgeni rasmi anakuja lini. Zege la nguzo na lenta kwa uwiano wa 1:2:4 ni mfuko 1 wa kilo 50, maboksi 2 ya mchanga, maboksi 4 ya kokoto, boksi moja likiwa na ujazo wa mfuko, kama lita 35. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko mchanga ukiwa mkavu. Fundi atapenda kuongeza, kwa sababu zege jepesi linatembea lenyewe na koleo halichoshi. Kila ndoo ya ziada inaacha vitundu ndani zege likikauka, na nguvu inapungua. Kisha limwagiliwe siku 7 bila kuruka, asubuhi na jioni, lifunikwe kwa magunia. Nguvu tunayoihesabu ni ya siku ya 28. Kwa hiyo ukisikia jamvi, yaani zege la sakafu, limemwagwa Jumatatu, Alhamisi limeshapakiwa lori la tofali juu, usipongeze kasi. Nyufa zinakuja.

Na stoo. Tuseme BOQ, yaani mchanganuo wa vifaa na bei, inadai tofali 1,750, na mhandisi ameagiza tofali 25 kwa kila mfuko wa saruji. Hiyo ni mifuko 70. Fundi akifyatua 35 kwa mfuko, ametumia mifuko 50. Mifuko 20 iko wapi? Na kumbuka, hapa hasara ni mbili: mifuko imeondoka, na tofali zilizobaki ni dhaifu, ukiangusha moja usawa wa kiuno inapasuka. Mtunza stoo akiandika mifuko tu bila kuhesabu tofali zilizotoka siku hiyo, leja itakuwa safi na ukuta utakuwa mbovu. Viandikwe pamoja, mstari mmoja: mifuko iliyotoka, tofali zilizopatikana, sahihi ya fundi, sahihi ya mjumbe wa kamati. Kamati ya mapokezi ihesabu gari likiwa limesimama, mchanga upimwe kwenye bodi la lori. Mkipokea kwa simu mtakuwa mmepokea maneno. Risiti ni ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Saruji ilale juu ya mbao, mbali na ukuta, iliyotangulia kuingia itangulie kutoka.

Mabadiliko pia yanatumaliza. Kiongozi anapita, anasema varanda hii ni nyembamba, iongezeni mita moja. Nani atakataa? Msikatae. Mwambieni kwa heshima, mheshimiwa, tunaandika: mita moja ni saruji kiasi hiki, mabati haya, siku 9 zaidi, na fedha itoke wapi. Mara nyingi akiona karatasi, varanda inatosha. Na ile asilimia 5 hadi 10 ya dharura mnayoweka kwenye bajeti ni ya mwamba uliokutwa kwenye msingi na bei iliyopanda. Isiwe ya varanda wala ya chakula cha uzinduzi.

Jambo la mwisho ndilo tunalolipa muda mdogo kuliko yote: siku inayofuata baada ya utepe kukatwa.

Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Kazi ilianza 1970, na kufikia 1975 reli ilikuwa imelazwa, kabla ya muda uliopangwa, kupitia milima na mabonde ambayo watu walisema hayapitiki. Kwa upande wa ujenzi, ni moja ya kazi zilizosimamiwa vizuri kabisa katika bara hili. Nani anabisha? Ilijengwa ibebe tani milioni 2 kwa mwaka. Haikuwahi kufika. Ilipofanya vizuri ilivuka milioni 1 kidogo, na mwaka 2014/15 ilishuka hadi chini ya tani 100,000. Reli ni ileile, mahandaki ni yaleyale. Vichwa vya treni vya mwanzo vilielemewa na mlima kati ya Mlimba na Makambako. Vipuri na matengenezo vikakosa fedha ya uhakika. Zambia ikafunguliwa tena njia za kusini, mzigo ukagawanyika, na mapato yakashuka yakaburuza matengenezo nayo. Kichwa kikiharibika mzigo unapungua, mzigo ukipungua fedha ya kukitengeneza haipo. Mkufu huo, jamani, uko pia kwenye pampu yenu.

Tazameni. Kijiji chetu kile kinauza maji. Tuseme mwanzoni watu wananunua lita 30,000 tu kwa siku, wengine bado wanakwenda mtoni. Hizo ni ndoo 1,500 za lita 20. Kwa shilingi 20 kwa ndoo, ni 30,000 kwa siku, 900,000 kwa mwezi. Wauzaji wa vituo wachukue asilimia 20, ni 180,000. Mwendesha pampu 150,000. Mlinzi 100,000. Koki, valvu na viungo vya bomba 70,000. Inabaki 400,000 kwa mwezi, milioni 4.8 kwa mwaka. Pampu ikiungua mwaka wa nne, benki mna zaidi ya milioni 19, mnanunua nyingine wiki hiyohiyo, na akina mama hawarudi mtoni hata mara moja.

Sasa punguzeni bei iwe shilingi 10, kwa sababu uchaguzi umekaribia na mtu ameahidi mkutanoni. Mapato yanakuwa 450,000. Wauzaji 90,000, na zile gharama nyingine 320,000 haziguswi. Inabaki 40,000. Kwa miaka minne hiyo haifiki milioni 2. Pampu ikiungua mtaandika barua wilayani. Barua itajibiwa, nanyi mtasubiri bajeti ya mwaka ujao, na faida yote mliyoipima kwa saa kwenye kaya 20 itakuwa imerudi mtoni na ndoo kichwani.

Bei ya ndoo haiko nje ya mradi. Iamuliwe kwenye mkutano mkuu kabla mtaro wa bomba haujachimbwa, iandikwe kwenye muhtasari, na hesabu hii isomwe kwa sauti mbele ya kila mtu. Wanaostahili msamaha, wazee wasio na msaada na wenye ulemavu, waorodheshwe kwa majina, na ndoo zao zihesabiwe kama gharama. Usomaji wa mita uende pamoja na fedha ya siku: mita ya kisima imesoma lita ngapi, vituo vimeuza ngapi, tofauti iko wapi. Tofauti ikizidi sehemu ya tano, kuna bomba linalovuja au kuna mfuko unaovuja. Tafuteni vyote viwili.

Nimemaliza upande wangu. Karatasi mliyopewa mlangoni ina safu tano: hali ya leo kwa namba, hali tunayoitaka, tarehe, jina la mwenye dhamana, na fedha ya kuendesha itatoka wapi. Kila kijiji kichague mradi mmoja tu, ule uliokwishakamilika na unaowapa mashaka zaidi, tuujaze hapahapa kabla ya chai. Wenyeviti, kaeni na watendaji wenu. Wenye maboma, mnaruhusiwa kuanza na boma. Tunaanza na safu ya kwanza, na ukikosa namba acha wazi, usibuni.